Bafu la Kisiwa cha Mtini

Mara ya kwanza Daktari Leopoldina Sequeira alipoingia kwetu, Zulmira alimmwagia beseni zima la maji ya kufulia. Hakumkosa. Maji yalimpata kifuani yakamshukia hadi viatuni, na povu likabaki limening'inia kwenye kola ya koti lake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye alivua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena, na akaendelea na kazi iliyomleta.

Kazi yenyewe ndiyo iliyotutia wazimu. Kilikuwa kipupwe cha mwaka wa mwisho wa vita vya kwanza vya dunia, na homa ya madoa ilikuwa imeingia Porto, mji wetu wa Ureno. Ilianza kwa kichwa kuuma, ikaja homa kali, kisha madoa mekundu mwilini, na mtu akaanza kuweweseka na kuita wafu wake kwa majina. Watu wa afya walisema inaletwa na chawa. Basi wakawa wanapita mtaa kwa mtaa na gari la nyumbu, wanachoma magodoro uani, wanawanyoa watu vichwa, wanaume kwa wanawake, na wakimkuta mwenye homa wanampakia kumpeleka hospitali ya waliotengwa, kule juu nje ya mji. Wengi waliopakiwa hatukuwaona tena. Ndiyo maana watu walikuwa wakisikia kwato za nyumbu, wanafunga milango.

Sisi tulikaa Kisiwa cha Mtini. Bahari haikuwapo, wala huo mtini mimi sikuukuta. Huku Porto makazi ya namna ile tunayaita visiwa. Mbele, barabarani, ipo nyumba nzuri ya mwenye mali, yenye vigae vya rangi ukutani. Chini yake kuna kipenyo cha giza; ukipita hapo unatokea nyuma, ambapo zamani palikuwa bustani. Marehemu mume wa Bi Felismina, mwenye nyumba wetu, alijenga vyumba kila upande wa bustani hiyo, akaongeza vingine, akaongeza tena, mpaka ikabaki njia ambayo wanawake wawili wenye ndoo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Kila chumba mlango mmoja, dirisha moja, ukoo mzima ndani. Choo kilikuwa kimoja, mwisho kabisa. Jua lilitufikia kiangazi tu, tena juu juu, kama mgeni aliyekosea mlango.

Mimi ni Idalina. Nilikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo kilichopakana nasi upande wa mlimani, na mume wangu Abílio alikuwa mwashi. Zulmira alikuwa jirani yetu, mjane, mfua nguo, mwanamke ambaye ulimi wake hata askari waliukwepa. Alikaa na mwanawe Adelino, kijana aliyekwisha kuota ndevu, mpakiaji wa mizigo stesheni. Mimi na Zulmira tulikuwa hatusemezani tangu kiangazi kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Lakini siku ya lile beseni, nakiri, nilimpigia makofi.

Asubuhi iliyofuata Daktari alirudi. Hakuja na gari wala watu, alikuja peke yake, na koti lilikuwa lile lile, halijakauka vizuri. Alimkuta Zulmira kwenye karo la kufulia, akasimama mbele yake.

"Leo umekuja kuchoma nini?" Zulmira alimuuliza bila kuinua kichwa. "Magodoro yamekwisha. Amebaki paka."

"Nimekuja kuuliza."

"Haya uliza."

"Jana nilifanya nilichotumwa," Daktari alisema, "na chawa ni kweli ndio wanaoua. Lakini nilipofika nyumbani nikaoga, nikabadili nguo. Hapo ndipo nikaona kwamba nimewachomea vitanda watu wasio na pa kuoga wala nguo ya kubadili. Nimefanya nusu ya kazi, tena ile nusu mbaya."

Zulmira alikamua shuka alilokuwa analifua, akalitupa kapuni.

"Basi nikuulize mimi, Daktari. Mnatuambia tuoge. Tuogee wapi? Maji tunayafuata kwenye bomba la juu, mlima ule uutazame. Makaa ya kuyachemshia yameliwa na vita. Mimi na mwanangu tuna chumba kimoja, na yeye ni mwanamume mzima. Nivue nguo wapi, mbinguni?"

Tulingoja jibu la kisomi. Daktari alitazama njia yetu, akatazama karo, na maji yake yaliyoanza kuganda pembezoni.

"Sijui," akasema.

Sikuwahi kusikia daktari akisema neno hilo, na wala Zulmira hakuwahi, maana ndipo kwa mara ya kwanza alipomtazama usoni. Daktari aliomba kuazimwa ndoo. Akapanda mlima pamoja nasi hadi bombani, akapanga foleni kwenye baridi, akashuka na ndoo kichwani kama alivyotuona tukifanya. Alipofika chini nusu ya maji ilikuwa imemwagika mgongoni mwake. Zulmira alichungulia ndani ya ndoo, akasema hayo yanamtosha ndege. Daktari alicheka, meno yakigongana kwa baridi, na kwa hakika hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka.

Alikuja kila siku baada ya hapo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele nzito nyeusi alizozifunga kisogoni, na alikuwa na tabia ya kusimama ghafla njiani akitazama kitu ambacho wengine wanakipita. Siku moja alikuwa anapita ukutani kwa kiwanda wakati sisi wafumaji tunatoka. Pale nje kuna mtaro, na kipupwe tulikuwa na desturi ya kuinama na kupasha vidole moto kwenye maji yake, kwa sababu yalikuwa yanatoka kwenye mashine ya mvuke, yana moto. Tangu nizaliwe maji yale yalikuwa yakitoka na kuteremkia mtoni. Daktari alisimama. Alitazama mvuke unaofuka mtaroni, akavua glavu, akaingiza mkono, na akauacha humo muda mrefu. Kisha akatuma aitwe meneja.

Meneja wetu, Bwana Pacheco, alitoka na kofia mkononi, akamkaribisha ofisini. Daktari alikataa kuingia, na ndiyo maana sote tuliyasikia.

"Maji haya ni ya nani, Bwana Pacheco?"

"Ni ya kiwanda, Daktari."

"Na yanaenda wapi?"

"Yanaenda mtoni."

"Kwa hiyo mnayachemsha kwa ajili ya samaki."

Tulificha midomo kwa aproni. Bwana Pacheco akanyoosha mgongo, akaanza kueleza kwamba mali ya kiwanda ina utaratibu wake, kwamba wenye hisa lazima waulizwe, na kwamba haya ni mambo ya serikali. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza ni mashine ngapi za kufuma zimesimama ndani kwa kuwa waendeshaji wake wako kitandani au makaburini. Bwana Pacheco akawa anaizungusha kofia yake.

"Samaki watakuja kuziendesha?" Daktari akamuuliza, kwa upole kabisa.

Bwana Pacheco si mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa tu. Alisema mwishowe kwamba maji tuchukue, lakini kiwanda hakitatoa bomba wala mtu wa kuchimba. Daktari akamwambia kwamba asilotoa tutalitafuta, mradi asituzuie. Mabomba aliyaomba huku na huku. Mengine, tulikuja kujua baadaye, aliyang'oa kwenye bustani ya kaka yake, wakili mwenye nyumba kubwa karibu na bahari, ambaye aliamka akakuta maua yake hayana maji na dada yake ameshaondoka.

Ilibaki kupata mahali pa kujenga bafu. Abílio alipima mteremko kwa kamba na mawe, akasema maji yatashuka yenyewe bila pampu iwapo bafu litajengwa pale juu, panapogusana na nyumba ya Bi Felismina. Pale palikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa kitupu tangu wenyewe walipokufa. Cha pili kilikuwa cha Zulmira.

Bi Felismina alikuwa mwanamke mwembamba wa kuvaa nyeusi, mwenye rozari isiyotoka mkononi. Tangu amzike mumewe hakuwahi kupita kile kipenyo kuja nyuma. Wa kututembelea alikuwa wakala wake, na huyo naye aliishia mlangoni. Daktari alikwenda kwake mara ya kwanza akaambiwa Bi yuko kwenye sala. Alikwenda mara ya pili, yuko kwenye sala. Mara ya tatu alisema atangoja, akaketi kwenye ngazi za barabarani na mfuko wake magotini, hadi waliokuwa wakitoka kanisani wakaanza kuuliza kuna nini nyumbani kwa Bi Felismina. Akafunguliwa.

Sijui alimwambia nini huko ndani. Ninachojua ni kwamba walishuka pamoja, Bi Felismina ameinua sketi isiguse chini, uso mweupe kama mshumaa. Watu walitoka milangoni kumwangalia. Aliingia chumbani kwa Zulmira, nami nikasimama mlangoni, maana chumba kilikuwa hakichukui zaidi. Alitazama kitanda, jiko, picha ya Bikira, unyevu uliochora ramani dari nzima. Kisha akatazama ukuta wa ndani.

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Nyuma yake upo wewe, Bi," Zulmira alimjibu. "Kitanda chako, nadhani. Asubuhi nakusikia ukisali."

Bi Felismina aliweka kiganja ukutani. Akauliza kwa sauti ambayo ilibidi tuitegee masikio:

"Aliyekuwa anakohoa alikuwa nani?"

"Mume wangu, Jacinto. Alikuwa na kifua."

"Akafariki lini?"

"Mwaka juzi, Pasaka inakaribia."

Bi Felismina akaketi kitandani kwa Zulmira, bila kukaribishwa, na bila kuangalia anakalia nini. Alisema kwamba yeye aliamini ni marehemu mumewe. Kila alipolala alisikia kikohozi ukutani, akajua mumewe yuko toharani anateseka, anataka kuombewa, basi akamsomeshea misa kila Ijumaa. Kikohozi kilipokoma, ile Pasaka, alikwenda kanisani akapiga magoti akamshukuru Mungu kwamba mumewe ametolewa.

Daktari mwenyewe aliinamisha macho. Nilimwangalia Zulmira, nikajua sasa ule ulimi utakata. Lakini alijipangusa mikono kwenye aproni, akasema:

"Basi misa zilimfika Jacinto. Si hasara, Bi. Yeye hakuwa ameombewa hata moja."

Bi Felismina akainuka. "Vunjeni," akasema. Alipofika mlangoni aligeuka. "Na huyu atakwenda wapi?"

Sote tukamtazama Zulmira. Alikuwa anakizungushia macho chumba alichoolewa akiingia, akazalia humo, akafiwa humo.

"Nitahamia kwa Idalina," akasema, kabla ya kuniuliza mimi.

"Lakini si hamsemezani?" Daktari akashangaa.

"Ndiyo vizuri. Nyumba itakuwa na utulivu."

Akahamia siku hiyo hiyo na mwanawe, kuku wake na picha ya Bikira. Kabla sijapakua supu ya kabichi alikuwa ameshaniambia chumvi imezidi, na hivyo ndivyo ugomvi wa kamba ulivyokwisha.

Wanaume walichimba baada ya kazi na siku za Jumapili. Abílio aliwasimamia, na padri alijifanya haoni kwamba wamekosa misa. Daktari alishika koleo mara moja, Abílio akamnyang'anya kwa heshima, akamwambia kila ndege na ubawa wake. Walijenga chumba cha mawe chenye beseni kubwa la kuogea upande wa wanawake na lingine upande wa wanaume, na nje wakaweka sufuria kubwa la kiwandani la kuchemshia nguo. Yale maji yalipoanza kumiminika, yanafuka, watoto walikimbia wakidhani kuna moto.

Wa kwanza kuingia alikuwa Zulmira, kwa kuwa alisema bafu limesimama juu ya chumba chake na hakuna wa kumtangulia kwake. Aliingia, akafunga mlango. Tukangoja. Tukazidi kungoja. Mwishowe Daktari, ambaye siku hizi alimwita Zulmira Shangazi, akagonga.

"Shangazi, uko salama?"

"Niache," sauti ikatoka ndani. "Nina miaka sijauona mwili wangu wote kwa pamoja."

Nami nilipoingia niliyaelewa maneno hayo. Sisi tulikuwa tunaoga kipande kipande, uso leo, miguu kesho, kwa kitambaa chini ya shuka, huku mtu akiambiwa atazame ukutani. Kukaa ndani ya maji ya moto hadi shingoni, wakati nje baridi inapasua mawe, kulinitoa machozi, na sikujua nalilia nini. Nilipotoka nguo zangu zilikuwa zimechemshwa na kukaushwa. Nilikwenda kulala, na kwa mara ya kwanza tangu kipupwe kiingie sikujikuna.

Watu walikuja hadi kutoka visiwa vya jirani. Daktari alikaa kwenye kiti karibu na sufuria na kitana chembamba, siki na mafuta ya taa, anachana vichwa vya watoto mmoja baada ya mwingine. Aliyekubali kuchanwa kila siku hakunyolewa. Wasichana walimpenda kwa hilo tu.

Lakini homa haikuondoka mara moja, na wagonjwa bado walikuwa wanafichwa. Kuoga ni jambo moja. Lile gari ni jambo lingine. Kila mmoja alikuwa anamjua mtu aliyepakiwa asirudi. Adelino aliporudi kutoka stesheni akiwa anatetemeka, Zulmira alifunga mlango. Alimpandisha darini kwetu, akamlaza juu ya magunia, akaondoa ngazi. Abílio na mimi tulitazamana. Angekuwa wetu, tungefanya vivyo hivyo.

Daktari alikuja asubuhi kama kawaida kukagua chumba kwa chumba. Alisimama katikati ya chumba chetu, akatega sikio. Kisha akaanza kuongea kwa sauti kubwa, uso ameuelekeza juu, kana kwamba anahutubia boriti.

"Mwenye mgonjwa ampe maji mengi. Nguo zake zichemshwe zote. Na ajue kwamba huko hospitali kuna kitanda safi na watu wa kumwangalia mchana na usiku. Sitamleta askari amtoe mtu kwa nguvu. Ila namwomba."

Zulmira aliendelea kumenya viazi. Daktari akatoka.

Haukupita muda mrefu, asubuhi moja, alikuja amechelewa. Uso ulikuwa mwekundu. Alimchukua mtoto wa kwanza, akaanza kumchana, kitana kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Alivuta mkono wa blauzi, akatazama ndani ya kiwiko, akarudisha kifungo polepole. Alimwambia yule mtoto aende kwa mama yake. Halafu akamwomba Abílio apige simu kutoka kiwandani liitwe gari.

Kaka yake alipata habari, na akafika kabla ya gari la nyumbu, kwa gari lake la farasi lenye vioo. Alishuka na blanketi la manyoya mikononi. Tulikuwa tumejazana wote barabarani mbele ya nyumba ya Bi Felismina.

"Poldina, panda twende nyumbani," alisema. "Chumba kiko tayari, na nesi ameshafika."

"Nyumbani kwako kuna watoto."

"Nimewahamisha. Panda, tafadhali."

Wakati huo lile gari jingine lilikuwa linakunja kona, nyumbu wake anatikisa masikio. Daktari alikuwa ameshikilia ukuta ili asimame.

"Tangu kipupwe kianze nawaambia watu hawa kwamba hospitali si kaburi," alimwambia kaka yake. "Ama nilikuwa nasema kweli, ama nilikuwa nawadanganya. Nikienda kwako, watajua ni lipi."

Kaka yake alianza kulia, mtu mzima, wakili, mbele ya wapakiaji na wafua nguo. Daktari alimpapasa begani. Kisha akatembea mwenyewe hadi kwenye gari la nyumbu, akakataa mkono wa dereva, akapanda, akalala juu ya majani makavu, mahali pale pale walipolazwa wetu. Alifunga macho kwa sababu mwanga ulikuwa unamuumiza.

Dereva alinyanyua mjeledi.

"Subiri wewe," Zulmira akamwambia.

Aliingia kwenye kipenyo. Tulisikia ngazi ikigonga ukuta. Aliporudi alikuwa amemshika Adelino mabegani, na Abílio amemshika miguu, kijana amevingirishwa shuka, midomo imekauka na kupasuka. Watu walipisha njia. Zulmira alimwegemeza mwanawe ubavuni mwa gari.

"Sogea kidogo, Daktari," akasema. "Na huyu ni wako."

Daktari alifumbua macho, akajivuta pembeni.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Nilijua. Dari lenu lilikuwa linakoroma." Akamtafuta Zulmira kwa macho. "Umefanya vizuri, Shangazi."

Zulmira alivua shali yake ya sufi, akaangalia nani wa kumfunika, akaitandaza juu ya wote wawili.

Gari lilipoondoka hakuna aliyerudi ndani. Kwanza mzee Rosendo fundi viatu alisema, bila kumtazama mtu, kwamba mkewe naye ana homa. Kisha mwanamke wa chumba cha karibu na choo akasema binti yake. Gari lilirudi alasiri ile, na likarudi tena, na watu waliwatoa wagonjwa wao wenyewe, wamewaosha, wamewavika nguo zilizochemshwa.

Si wote waliopona. Mke wa Rosendo hakurudi, na msichana wa karibu na choo hakurudi, na mama yake alimlaumu Daktari hadi alipohama mtaa. Hilo nalo lazima lisemwe. Lakini wengi walirudi. Kila Jumapili mimi na Zulmira tulipanda hadi kwenye lango la hospitali, ambapo mtawa alikuwa anatokea kwenye kidirisha na kutoa habari. Zulmira alikuwa anauliza habari za Daktari kwanza, ndipo aulize za mwanawe. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia kwamba akipata jibu baya la kwanza, la pili huenda Mungu akalihurumia. Siku moja sokoni muuza sadini alitangaza kwamba daktari wa miwani amekufa, yeye ameliona jeneza. Zulmira alimpindulia kapu, sadini wakatapakaa hadi mtaroni, akamwambia aende akalione na jeneza la hao sadini.

Adelino alirudi wa kwanza, amekonda kama ufito wa mzabibu, anakula mkate wa mahindi bila kutafuna. Alitueleza kwamba kupitia pazia alikuwa anamsikia Daktari akiweweseka, na hata katika kuweweseka alikuwa anagombana: fungueni madirisha, ondoeni ukuta huu, maji yanakwenda bure. Masista walichoka wakafungua madirisha.

Daktari mwenyewe alitoka wakati miti imeanza kuchipua. Alishuka kwenye gari la kaka yake mbele ya nyumba ya Bi Felismina, amejifunga kitambaa kichwani kwa kuwa nywele zote zilikuwa zimekwisha, anatembea kwa fimbo, na sikio moja limekufa kabisa. Tulisimama kwenye kipenyo, hatujui la kufanya. Watu kama sisi hatukuzoea kurudishiwa mtu. Zulmira ndiye aliyemwendea, akamshika mkono.

"Maji yapo," alisema kwa nguvu karibu na sikio lililo zima. "Nimeyazuia tangu asubuhi. Hajaoga mtu."

Akaoga. Alipotoka, mashavu yamerudiwa na rangi, aliketi kwenye ukingo wa karo, Bi Felismina naye ameshuka kumsalimu. Daktari akainua uso, akayatazama mapaa yetu kwa muda.

"Bi Felismina," akasema, "vyumba hivi vikitobolewa madirisha juu, jua litaingia hata Januari."

"Nilijua hukupona ili upumzike," Bi Felismina akamjibu. Alilalamika kiangazi chote, na kiangazi chote Abílio alikuwa juu ya mapaa anatoboa. Mwaka uliofuata vyumba vya katikati vilibomolewa, choo cha pili kikachimbwa, na pale katikati pakabaki uwanja mdogo ambapo mtu angeweza kuketi kwenye jua na kushona. Hatukuwa matajiri. Vifua viliendelea kuua watu Porto, na kwetu pia. Ila homa ya madoa ilipofika tena kwenye visiwa vya jirani, kwetu ilipita.

Zulmira alifanywa mlinzi wa bafu. Aliwatawala waogaji kama jenerali. Aliyetoka na shingo chafu alirudishwa, hata awe mwanamume wa makamo.

Kisha Daktari akahamishiwa ng'ambo ya mto, kwenye vibanda vya watu wa mapipa ya mvinyo, ambako homa ilikuwa bado inawatafuna na watu walikuwa wanafunga milango. Alikuja kutuaga. Asubuhi aliyoondoka, Zulmira aliniachia funguo za bafu, akavaa shali yake, akasema anamsindikiza hadi darajani tu.

Alirudi jua linazama, miguu imevimba, sauti imekauka. Nilimpa kiti na bakuli la supu. Nilimuuliza alikuwa wapi siku nzima. Alisema daraja walilivuka, maana yule mwanamke hasikii upande wa kushoto na angeweza kugongwa na gari. Walipofika kule, watu walikuwa wamefunga, kwa hiyo ilibidi atangulie yeye, mlango kwa mlango, akiongea nao.

"Ukawaambia nini?"

Alikunywa supu kwanza.

"Niliwauliza maji wanayatoa wapi," akasema. "Kesho narudi, kuna mmoja hajanijibu."